Chombo cha Kumi na Mbili

Kiswahili changu nilijifunza kwenye benchi la boma la Mwanza. Kabla ya hapo nilikuwa na maneno ya gulioni tu: bei gani, punguza, ongeza kidogo. Nyumbani Bujora tulisema Kisukuma kutwa nzima na hakuna aliyeona upungufu. Lakini mtu akikalishwa kwenye benchi moja karibu miaka miwili, akingoja kuitwa, masikio hayawezi kukaa bure. Nikajua shahidi ni nani, kiapo ni nini, mdai ni yupi. Neno nililolisikia kuliko yote ni "imeahirishwa". Maana yake ilikuwa kurudi nyumbani kwa miguu.

Mambo yalianzia shambani kwetu, chini ya majabali. Wajerumani walikuwa wamekwisha ondoka siku nyingi, Waingereza ndio walioshika nchi, na reli ilikuwa imefika Mwanza. Nilikuwa na watoto watatu, na mama mkwe aliyepooza upande mmoja wa mwili. Siku hiyo nilikuwa natengeneza matuta ya viazi. Jembe likagonga kitu. Kwetu jembe kugonga jiwe si habari, shamba zima ni mawe, lakini mlio wa jiwe naujua na huu haukuwa wa jiwe. Nikafukua kwa mikono. Nikakuta sanduku la bati lililoliwa na kutu, ndani yake gunia lililooza, na ndani ya gunia vyombo vyeusi kama masizi ya chungu.

Nilidhani ni sufuria kuukuu za askari wa zamani. Nikachukua kimoja, kile kidogo kuliko vyote, nikakisugua kwa majivu nilipofika nyumbani. Kikang'aa kama rupia ya fedha. Kilikuwa kikombe cha kuenea kiganjani, chenye mdomo mwembamba wa kumiminia, kama birika dogo lisilo na mkono.

Naomba nieleze habari ya mama mkwe, kwa sababu bila yeye hamtaelewa nilichofanya. Tangu apooze, kumlisha ilikuwa kazi ya kumliza mtu. Uji ukiwekwa kwenye kibuyu unamwagika kidevuni, ukiwekwa kwenye kijiko unatokea upande uliokufa. Alikuwa mwanamke msafi aliyejiheshimu, na kila mlo ulimwaibisha. Jioni ile nikatia uji mwepesi katika kikombe kile, nikaupenyeza mdomo wa kikombe kwenye pembe nzima ya kinywa chake. Akameza. Akameza tena. Akamaliza wote bila tone kuanguka. Akanitazama kwa jicho lake zima na kusema neno lililoeleweka, la kwanza kwa siku nyingi: "Ongeza."

Siku ya tatu akaja mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chetu, na watu wawili. Mume wangu alikuwa amezungumza kwenye pombe. Wakabeba vyombo vyote vilivyokuwa uani. Mwanangwa akaniuliza, "Ni hivi tu?"

Kikombe kilikuwa ndani, kando ya kitanda cha mama mkwe, kina uji nusu. Mume wangu akatazama chini.

"Ni hivi tu," nikasema.

Sikuona kama nimesema uongo mkubwa. Niliona kama mtu aliyeficha konzi moja ya mtama wakati wa kukusanya ushuru. Kikombe hakina kazi kwa mtemi, nikajiambia, kina kazi hapa.

Basi vile vyombo vikaanza safari. Mtemi akasema kinachotoka ardhini ni chake, kama pembe ya tembo aliyefia porini ilivyokuwa ya mababu zake. Kaka wa mume wangu akasema shamba lile alilima yeye kwanza, kwa hiyo na yeye asisahaulike. Habari zikafika boma, bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, akatuma askari wakavichukua. Akasema kitu kisichojulikana mwenyewe ni cha Serikali. Vikawekwa juu ya meza barazani, tarishi na makarani na wauza samaki wakapita kuvishangaa, mpaka mtu akatoa wazo vifungiwe.

Niliitwa mara ya kwanza kueleza nilivyovipata. Niliondoka jogoo la kwanza na michembe, vile viazi vya kukaushwa, kwenye kitambaa. Kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa asubuhi nzima. Ukifika Buzuruga jua limekwisha kukaa usoni, na ukiliona ziwa unafurahi kwa sababu ya upepo, si kwa sababu ya uzuri wake. Bwana shauri alikuwa mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya usingizi mchache. Mkalimani alikuwa mtu wa mbali aliyekijua Kisukuma cha kusalimia na cha kufokea. Nilieleza habari ya matuta, mlio wa jembe, bati na gunia. Yeye akasema maneno manne. Bwana shauri akaandika.

"Anauliza vilikuwa vingapi," mkalimani akaniambia.

Nilikuwa nimeapa. Nikaona vimepangwa mezani: sinia moja, bilauri nne, bakuli tatu, birika, mrashi wa kunyunyizia marashi, na kijaluba cha kuwekea tambuu.

"Kumi na kimoja," nikasema.

Ikaandikwa.

Nilipoitwa mara ya pili nilikuta mtu mwingine kwenye benchi. Alikuwa mwanamke wa Kihindi, mjane, nguo yake nyeupe, umri wa kuwa mama yangu mdogo. Shemeji yake, mwenye duka mjini, alikuwa amesimama kando akipangusa jasho. Nikamwamkia kwa Kiswahili changu kichache.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyevipata?"

"Ndiyo, mimi."

Akanitazama mikono, si uso. "Palikuwa na kina gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja juu ya goti. Akatikisa kichwa. "Alikuwa na haraka," akasema, wala sikujua anamsema nani.

Nilijua tulipoingia ndani. Alisimama mbele ya meza na kueleza kwa sauti ndogo. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, Wajerumani waliwashuku Wahindi kuwa ni watu wa Mwingereza. Siku moja wakaambiwa watahamishiwa Tabora, wajiandae. Mumewe akachukua vyombo vya fedha vya arusi yao, akatoka navyo kwa punda hadi ng'ambo ya Kisesa, akavifukia karibu na majabali. Akamwambia ni jabali lenye mgongo wa ng'ombe. Tabora akafa kwa homa. Vita vilipokwisha mama huyu akarudi Mwanza, akaenda kutafuta mara mbili, akakuta kila jabali la nchi ile lina mgongo wa ng'ombe.

Bwana shauri akamwambia avitaje bila kutazama mezani. Akageuka ukutani akavitaja. Sinia. Bilauri nne. Bakuli tatu. Birika. Mrashi. Kijaluba. Mkalimani alikuwa akiwageuzia watu wa mtemi kwa Kisukuma, kwa hiyo nilisikia kila neno mara mbili.

"Na kikombe cha kunyweshea mtoto," akasema. "Kina mdomo mwembamba. Ukingoni kuna alama za meno ya mwanangu wa kwanza."

Niliijua ile alama. Vilikuwa vishimo viwili vidogo, upande wa kulia. Nilikuwa nimevigusa kwa kidole gumba kila nilipokiosha.

Bwana shauri akasema vilivyopatikana ni kumi na kimoja. Mtu wa mtemi akasimama. Akasema vyombo hivi vilikaa barazani siku nyingi, kila mtu aliviona, kila nyumba ya Kihindi ina sinia na bilauri, na huyu mama amevitaja alivyoambiwa na watu, kisha akaongeza cha kwake kupamba maneno. Bwana shauri akanigeukia mimi. Mkalimani akauliza, "Kulikuwa na kikombe kidogo chenye mdomo?"

Nilimfikiria mama mkwe, kwamba leo amenyweshwa na binti yangu na anangoja jioni. Nilifikiri pia, nisifiche, kwamba niliapa na nitafungwa.

"Hapana," nikasema.

Yule mama hakunitazama. Alikaa taratibu kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Ikaahirishwa.

Njiani kurudi nilijiambia mama mkwe akipumzika nitakirudisha. Sasa ukilitazama hilo unaona lilivyo: nilikuwa nangoja mtu afe ili niwe mwema. Na mtu hafi kwa kungojewa. Mvua zikaja zikaisha, pamba ikapandwa ikavunwa, nami nikaitwa boma mara tatu nyingine, kila mara nikakuta jambo limekwama mahali. Mara bwana shauri yuko safarini. Mara barua ya Dar es Salaam haijajibiwa. Mara mtemi mgonjwa. Tulikaa benchi moja, mimi na yule mama, tukiangalia askari wakibadilishana zamu. Tulizungumza habari za mvua na bei ya vibiriti. Aliwahi kunigawia njugu alizofunga kwenye kona ya nguo yake. Nilikula, nikamshukuru.

Wakati huohuo watu walikuwa wanachimba shamba langu. Walikuja wa Kisesa na wa mbali zaidi, wakiamini palipotoka sanduku moja hapakosi la pili. Walifukua matuta wakaacha mashimo ya kuvunja miguu ya ng'ombe. Ukimfukuza mmoja asubuhi, jioni wako wawili. Mwaka ule tulikula viazi vya kuomba kwa dada yangu.

Shemeji wa yule mama alikuja kwetu siku moja kwa baiskeli. Alileta kilo mbili za sukari na pande moja la kaniki. Akakaa kwenye kigoda, akasema kwa upole, "Mama, jaribu kukumbuka. Shemeji yangu hasemi uongo. Huenda kilianguka, huenda mtoto alichukua kuchezea."

"Sikukiona, baba."

"Basi. Hata hivyo sukari ni ya watoto."

Nikaipokea. Uji wa mama mkwe ulikuwa hauna sukari tangu mwezi mzima. Mwanangwa alipita njiani akaona baiskeli, akamwona Mhindi akitoka kwangu, akasalimia vizuri kabisa.

Mama mkwe alifariki wakati wa kuvuna mtama, mchana, mwanawe amemshika mkono. Tulipomaliza matanga nilikitoa kikombe, nikakiosha, nikakifunga kwenye kitambaa. Mume wangu alikuwa akichonga mpini.

"Unakwenda nacho wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Watakufunga."

"Najua."

Akaendelea kuchonga. "Mama watoto," akasema baadaye, "ungekwenda zamani au usingekwenda kabisa." Sijasahau, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu hakunizuia.

Nilimkuta yule mama nyuma ya duka la shemeji yake, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia niketi. Sikukaa. Nilifungua kitambaa nikakiweka chini mbele yake.

Aliusogeza ungo pembeni. Alikichukua kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka kidole gumba kikapata vile vishimo. Akabaki hapo.

"Mwenye meno haya naye alibaki Tabora," akasema. "Yeye na baba yake, wiki moja."

"Umekaa nacho tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Nilipogeuka ukutani mbele ya yule Mzungu, kilikuwa kwako?"

"Kilikuwa kwangu."

"Na nilipokupa njugu?"

"Ndiyo, mama."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alisema tu, "Miaka miwili watu wananiona mwongo. Wifi zangu, majirani, hata huyu shemeji anayenilisha alianza kuuliza kama homa ya Tabora haikunigusa kichwa. Nikaanza kujiuliza na mimi. Usiku nilikuwa nahesabu: je, kikombe kilikuwamo kweli?"

Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, sakafu ina maji."

Shemeji yake akaingia kutoka dukani. Alipokiona alipiga kofi la furaha, akaanza kuvaa koti. Huu ndio ushahidi, akasema, twende boma sasa hivi. Yule mama akakikumbatia kikombe.

"Kikienda boma hakirudi."

"Kisipokwenda, vile kumi na kimoja havirudi."

"Nimekuambia navitaka vile? Hiki kinanitosha."

Wakasemezana kwa lugha yao, muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni. Nilichoelewa ni kwamba yule mama ndiye aliyekuwa anakula kwa mwenzake, na anayekula kwa mtu hana sauti ndefu. Mwishowe akainuka, akajifunika kichwa. Nikamwambia, "Mama, nitasema kweli yote. Wanifunge." Akanijibu bila ukali, "Sema. Labda itakusaidia wewe."

Bwana shauri alisikiliza. Safari hii sikumngoja mkalimani, nilisema mwenyewe kwa Kiswahili, na nadhani hilo pia liliniharibia, kwa sababu aliniuliza nani kanifundisha kusema vizuri hivyo. Nikamwambia ni benchi lake. Makarani wakacheka, yeye hakucheka.

Akamwita mwanangwa, aliyekuwa mjini kwa shauri la mifugo. Mwanangwa akasimama akaeleza kwa unyenyekevu alivyomwona Mhindi akitoka kwangu na baiskeli. Akataja sukari. Akataja kaniki. Nami nilikuwa nimeivaa ile kaniki.

"Ulipewa vitu hivi?"

"Nilipewa, bwana. Lakini hakuninunua. Kikombe nilikuwa nacho tangu mwanzo."

"Ulipoapa ulisema hakipo. Sasa unaapa kipo. Nishike kiapo kipi?"

Alisema huenda mjane alikuwa na kikombe hiki nyumbani kwake siku zote, akanipa ili nikilete kama kilichofukuliwa. Shemeji akapiga kelele akatolewa nje. Yule mama alikaa tu, mikono mapajani. Kikombe kikawekwa mezani na vingine, karani akaandika kumi na viwili, na kwa mara ya kwanza tangu vitoke ardhini vikawa pamoja vyote.

Mimi nilipata siku kumi za kufungwa kwa kuapa uongo. Hazikuwa siku mbaya, kusema haki. Nilifagia uwanja wa boma na kung'oa majani kati ya mawe yaliyopakwa chokaa. Nililala saa nyingi. Tangu niolewe sikuwahi kulala hivyo, nikaona aibu kwamba kifungo kimenipumzisha.

Siku ya tisa yule mama alikuja. Askari alimruhusu asimame karibu na mimi nikipalilia. Nilidhani ameleta maneno, nikajiandaa kuyapokea.

"Mama mkwe wako," akasema, "alikunywa vizuri kwa kikombe kile?"

"Alikunywa, mama. Halikuanguka hata tone."

"Na mwanangu hivyo hivyo." Akatazama mawe ya chokaa. "Sijakusamehe. Nilitaka kujua hilo tu."

Akaenda zake. Kwa macho yangu ilikuwa mara ya mwisho. Nilisikia kwa watu wa mashua kwamba walihamishia duka Nansio, na kwamba huko alikuwa na bustani ya bilinganya.

Barua ya Dar es Salaam ilikuja baada ya mvua mbili. Mwenye vyombo hajathibitika. Ni mali ya Serikali. Vilifungwa kwenye sanduku jipya la mbao, vikapandishwa garimoshi. Tuliambiwa vitawekwa mahali pa kuonyeshwa watu. Wengine walisema vilikwenda Ulaya. Mtemi alipewa barua ya shukrani na mwanangwa akaitembeza kijiji kizima. Kaka wa mume wangu alinuna mwaka mzima, akidhani tulipewa kitu tukaficha, na kwa historia yangu ningemlaumuje?

Sisi tulirudi kwenye mashimo. Tuliyafukia kidogo kidogo, kila jioni makarai machache ya udongo tuliokuwa tukiusomba kutoka bondeni. Viazi havikukubali tena pale, udongo wa juu ulikuwa umegeuzwa chini. Tukapanda mihogo, ambayo haina maringo.

Watoto walipokuwa wakubwa alikuja tarishi kijana na karatasi. Alikuwapo bwana shauri mwingine sasa, anataka kila kitu kiwe na kumbukumbu yake. Tarishi akaniamkia, akasema ninatakiwa boma nieleze upya mahali vyombo vilipofukuliwa, ili pachorwe kwenye ramani.

"Marahaba, mwanangu. Boma siendi," nikamwambia. "Miguu yangu imekwisha jibu swali hilo."

"Basi nionyeshe, mama, niandike mimi."

Nikanyoosha mpini wa jembe. "Pale."

"Pale wapi? Kote ni mihogo."

"Popote hapo."

Akatazama huku na huku, akaandika kitu, akanitaka niweke dole gumba. Nikaweka. Kisha akaomba maji ya kunywa, nikampa, akapanda baiskeli yake kurudi mjini kabla jua halijawa kali.